Uzi wa juu ulipokaa foleni nyuma ya uzi wa chini: uchambuzi wa kisa cha kuratibu kazi kwenye mtambo wa kupima uzito

Mazingira

Mtambo unaohusika hupima uzito wa pakiti zikiwa zinapita juu ya mkanda. Aina ya bidhaa, mahali na wahusika vimeondolewa, na vipimo vimezungushwa ili mtambo usitambulike. Mkanda unakwenda mita 1 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja pakiti inasogea milimita moja. Pakiti isiyo na uzito sahihi husukumwa nje na mkono unaoendeshwa kwa hewa. Ukitoa muda ambao vali na mkono wenyewe hutumia, programu inabakiwa na nafasi ya kuchelewa milisekunde 1 tu. Ikizidi hapo, mkono unaikosa pakiti mbovu na kuigonga ya jirani isiyo na kosa.

Kazi yote ilifanywa na kompyuta ndogo ya bodi moja yenye viini 4 vya kichakataji, ikiendesha Linux ya kawaida, kerneli (moyo wa mfumo endeshi) 5.15. Kulikuwa na programu moja yenye nyuzi tatu, yaani mikondo mitatu ya kazi inayokwenda sambamba ndani yake:

- Uzi wa udhibiti. Kila milisekunde 2 unasoma kihisi, unachuja namba, unaamua, na inapobidi unafyatua vali. Hesabu yake inachukua milisekunde 0.4.
- Uzi wa mawasiliano. Kila milisekunde 20 unatuma vipimo kwenye seva. Kwa kawaida humaliza chini ya milisekunde 0.5, lakini ripoti inapotumwa hufika 6, kwa sababu hapo unabana data na kuisimba kwanza.
- Uzi wa rekodi. Kila milisekunde 100 unachukua vipimo vilivyokusanyika na kuviandika diskini.

Nyuzi hizi tatu zilikuwa zikigawana bafa moja (eneo la kumbukumbu la kuweka vipimo kwa muda) iliyolindwa na kufuli moja: anayelishika ndiye anayeigusa bafa, wengine wanangoja. Kumbuka kufuli hilo.

Mwanzoni kiratibu cha kerneli, kinachoamua kazi ipi ipewe kiini na wakati gani, kiliachwa kama kilivyo. Mtambo ulijaribiwa siku nzima bila kosa, na wastani wa kuchelewa ulikuwa mikrosekunde 60.

Dalili

Wiki chache baadaye uliongezwa mchakato wa nne, wa kutengeneza ripoti. Huamka kila dakika 10, hukusanya vipimo na kuvibana kwa kutumia nyuzi 4, moja kwa kila kiini. Tangu hapo pakiti nzuri zikaanza kutupwa. Walioligundua kwanza ni waendeshaji wa mtambo waliokuwa wakiiangalia saa ya ukutani, kwa sababu makosa yalikuja kwa makundi na kila kundi lilikuja baada ya dakika 10.

Timu iliongeza kaunta ndani ya uzi wa udhibiti. Kila mzunguko ulirekodi muda uliotakiwa kuanza na muda ulioanza kweli. Wastani haukubadilika kwa kiasi cha kutisha, ila ucheleweshaji mkubwa kuliko wote ulifika milisekunde 18. Kwenye mkanda huo ni milimita 18.

Uamuzi wa kwanza: kushusha thamani ya nice hadi -20

Uamuzi huu ulifuata hoja inayoeleweka: uzi wa udhibiti ni muhimu kuliko ripoti, basi upewe upendeleo. Nice ndiyo namba ya upendeleo huo: ikiwa ndogo zaidi, kazi inapendelewa zaidi. Ucheleweshaji mkubwa ulishuka kutoka milisekunde 18 hadi takriban 5, na makosa yakapungua, ingawa hayakuisha.

Kiratibu cha kawaida cha Linux wakati huo kilikuwa CFS (Completely Fair Scheduler, yaani kiratibu cha haki), kilichoingia kwenye kerneli 2.6.23 mwaka 2007. (Tangu kerneli 6.6, ya mwaka 2023, nafasi yake imechukuliwa na kiratibu kiitwacho EEVDF, lakini jambo tunalolizungumzia hapa halikubadilika.) CFS inagawa kichakataji kwa uzani. Kazi yenye nice 0 ina uzani wa 1024, na yenye nice -20 ina 88761. Kwa hiyo udhibiti ulipata karibu asilimia 99 ya kiini chake na ripoti ikapata kama 1. Shida ni kwamba asilimia 1 hiyo haigawiwi punje kwa punje. Kerneli hiyo ilikuwa na mdundo wa saa wa 250 kwa sekunde, yaani mmoja kila milisekunde 4, na ripoti ikishapewa zamu ilikaa hadi mdundo unaofuata. Nice hutawala *kiasi* cha muda ambao kazi inapata kwa jumla; kazi hiyo itaupata *lini*, nice haisemi kitu.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyojificha ndani ya programu yenyewe. Uzi wa udhibiti haukuwa unalala. Ulikuwa unazunguka bila kupumzika, ukiuliza kihisi mfululizo kama namba mpya iko tayari. Kiratibu cha haki humpendelea anayelala mara nyingi na kuamka kwa muda mfupi, kwa sababu deni lake la muda ni dogo. Uzi unaozunguka unahesabiwa kuwa mlaji mkubwa wa kichakataji, na mgeni akifika unaambiwa umpishe. Mwandishi wa programu alidhani kuzunguka kunauweka uzi tayari muda wote. Kwenye mfumo wa aina hii kulileta kinyume chake.

Uamuzi wa pili: SCHED_FIFO, kipaumbele 99

Kwa amri ya `chrt -f -p 99` uzi wa udhibiti ulihamishiwa daraja la SCHED_FIFO. Daraja hili lina vipaumbele 1 hadi 99, na kazi iliyomo humpokonya kiini yeyote aliye chini yake, kisha inakishika mpaka ilale yenyewe au ije ya juu zaidi. Hakuna kugawana.

Ripoti haikuweza tena kuingilia. Lakini makosa yaliyokuwa yakija kila dakika 10 sasa yakaja kila sekunde. Kaunta ilionyesha pengo la milisekunde 50, sekunde baada ya sekunde, kama limepimwa kwa rula. Mpangilio kamili namna hiyo ni alama ya kitu kilichowekwa makusudi, na ndivyo ilivyokuwa. Linux ina kizuizi cha usalama: `sched_rt_period_us` ni 1000000 na `sched_rt_runtime_us` ni 950000. Kazi za daraja la juu zikila kiini mfululizo, kila sekunde moja zinasimamishwa kwa mikrosekunde 50000 ili zilizo chini zipumue. Uzi unaozunguka bila kulala ulikuwa unagonga kizuizi hicho kila sekunde.

Hapa ndipo ulipofanyika uamuzi mbaya kuliko yote ya kisa hiki: kizuizi kilizimwa kwa kuandika -1 kwenye `sched_rt_runtime_us`. Kwa muda mfupi vipimo vilikuwa safi. Kisha ukurasa wa takwimu ukaganda, kuingia kwa mbali kukakataa, na mtambo ukazimwa kwa kukata umeme. Viini vitatu vingine vilikuwa wazi, lakini kerneli ina kazi zake za ndani zilizofungwa kwenye kila kiini. Zile za kiini kilichokamatwa hazikupata hata zamu moja, na kila kilichozisubiri kikasimama nazo.

Marekebisho yaliyofuata yalikuwa manne, na yote yalibaki hadi mwisho:

1. Kizuizi kilirudishwa kwenye 950000.
2. Kuzunguka kuliondolewa. Mahali pake paliwekwa `clock_nanosleep` kwa saa ya CLOCK_MONOTONIC na alama ya TIMER_ABSTIME. Uzi unalala mpaka wakati maalumu ulioandikwa, badala ya "lala milisekunde 2 kuanzia sasa". Tofauti hii ni kubwa: kwa njia ya pili, muda wa hesabu unajumlishwa kwenye kila mzunguko na ratiba inateleza.
3. Kipaumbele kilishushwa hadi 80, ili nyuzi za kerneli zinazohitaji kuwa juu zipate pa kupita. Uzi wa mawasiliano uliwekwa FIFO 40, yaani SCHED_FIFO yenye kipaumbele 40. Uzi wa rekodi uliachwa daraja la kawaida.
4. Kiini namba 3 kilitengwa kwa `isolcpus=3`, na nyuzi zote tatu za programu zikafungwa humo. Ripoti ilibaki na viini 0 hadi 2.

Kosa lililobaki

Makosa yalipungua hadi machache kwa siku, tena yale tu yanayotokea ripoti inapotumwa. Kwenye karatasi hayakupaswa kutokea kabisa. Udhibiti unatumia 0.4 kati ya 2, yaani 0.20 ya kiini. Mawasiliano katika hali mbaya kabisa 6 kati ya 20, yaani 0.30. Rekodi kama 10 kati ya 100, yaani 0.10. Jumla ni 0.60. Kanuni ya Liu na Layland ya mwaka 1973 inasema kazi 3 za mzunguko, zikipewa vipaumbele kufuata ufupi wa vipindi vyao, zitamaliza kwa wakati ilimradi jumla isizidi 0.78. Nafasi ilikuwepo tele. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba kazi hazingojani, na hizi zilikuwa na kufuli la pamoja.

Timu iliwasha `trace-cmd`, programu ya kurekodi yanayotokea ndani ya kerneli, kwa matukio ya `sched_switch` na `sched_wakeup`, na kuiacha mpaka kaunta ikamate kosa moja. Huu ndio mfuatano, kwa milisekunde:

- 0.00: uzi wa rekodi unashika kufuli, kazi yake ndani ya kufuli ni ya milisekunde 0.3.
- 0.12: uzi wa mawasiliano unaamka. Ni FIFO 40, unaupokonya uzi wa rekodi kiini. Kufuli bado liko mkononi mwa rekodi.
- 0.70: uzi wa udhibiti unaamka. Ni FIFO 80, unaupokonya uzi wa mawasiliano. Unaomba kufuli, unakuta limeshikwa, unalala.
- 0.71: mawasiliano yanarudi na kuendelea kubana data ya ripoti.
- 6.13: mawasiliano yanamaliza. Rekodi inarudi.
- 6.31: rekodi inaachia kufuli. Udhibiti unaamka, umechelewa milisekunde 5.6.

Mizunguko miwili, wa 2.70 na wa 4.70, ilipita bila kufanyika. Uzi wa 80 ulimngoja wa chini kuliko wote, na aliye chini alizuiwa na wa katikati ambaye wakati huo hakuwa akiligusa kufuli hata kidogo. Huku ndiko kupinduka kwa vipaumbele. Ubaya wake ni kwamba muda wa kungoja hautegemei ile 0.3 ya ndani ya kufuli. Unategemea wa katikati atafanya kazi kwa muda gani, na huyo hana kikomo.

Chombo cha Mars Pathfinder kilipata ugonjwa huu huu mwaka 1997 kikiwa kimeshatua Mars, kikiendeshwa na VxWorks, mfumo endeshi wa wakati halisi (wa kazi zenye muda wa mwisho usiopaswa kupita). Kazi ya chini ya kukusanya data za hali ya hewa ilishika kufuli, kazi ya juu ya kusimamia njia kuu ya data ikalingoja, na kazi za katikati zikaingia kati yao. Kipima-usalama kiliona kazi ya juu haijamaliza na kuiwasha kompyuta upya, tena na tena. Dawa ilitumwa kutoka duniani: kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli, chaguo lililokuwepo ndani ya VxWorks tangu mwanzo ila lilikuwa limezimwa.

Uamuzi wa tatu: urithi wa kipaumbele, kisha kuondoa kufuli

Kwenye nyuzi za POSIX (kiwango ambacho Linux hufuata) kufuli huzaliwa likiwa PTHREAD_PRIO_NONE, yaani bila urithi. Lilibadilishwa kwa `pthread_mutexattr_setprotocol` kuwa PTHREAD_PRIO_INHERIT. Tangu hapo, udhibiti ukilikuta kufuli limeshikwa, anayelishika anapandishwa hadi 80 mpaka aliachie. Kwa mfuatano uliotangulia, rekodi ingeendelea pale pale kwenye 0.70 na kuachia kufuli kwenye 0.88. Badiliko la mistari mitatu likaondoa karibu makosa yote.

Karibu. Mara chache sana ulionekana ucheleweshaji wa makumi ya milisekunde. Uzi wa rekodi ulikuwa unaandika faili *ukiwa umeshika kufuli*. Siku nyingi kuandika huko huishia kwenye kumbukumbu na kurudi haraka, lakini diski ikielemewa kerneli humlaza mwandishi mpaka data ya zamani imwagwe. Urithi wa kipaumbele unampandisha anayesubiri kichakataji. Aliyelala akisubiri diski hapandishiki kwa faida yoyote, kwani diski haina habari na namba 80.

Suluhisho lilikuwa kuliondoa kufuli kwenye njia ya udhibiti. Ziliwekwa bafa mbili za duara, moja ya rekodi na moja ya mawasiliano, kila moja ikiwa na mwandishi mmoja na msomaji mmoja, hivyo kusogeza namba mbili tu, ya nafasi ya kuandika na ya nafasi ya kusoma, kunatosha bila kufuli. Kila bafa ina nafasi 4096. Kwa vipimo 500 kwa sekunde, rekodi inaweza kukwama zaidi ya sekunde 8 kabla bafa haijajaa. Ikijaa, kipimo kinatupwa na kaunta ya vilivyotupwa inaongezeka. Udhibiti haungoji kamwe. Hapo timu ilichagua kwa uwazi ni kipi kipotee: afadhali mstari mmoja wa rekodi kuliko pakiti nzuri.

Uamuzi wa nne: kerneli ya PREEMPT_RT

Hatua za mwisho zilikwenda haraka. `mlockall` ilizuia kurasa za kumbukumbu za programu zisiondolewe. Ukatizaji (ishara za kifaa zinazokatisha kazi ya kiini) wa kadi ya mtandao na diski ulielekezwa viini 0 hadi 2. Kerneli ilibadilishwa kwa yenye PREEMPT_RT, ambayo hugeuza sehemu nyingi za kerneli zisizopokonyeka ziwe zinapokonyeka. Kwa 5.15 hiyo ilikuwa viraka vya pembeni. Imeingia kwenye kerneli kuu kuanzia 6.12, mwaka 2024.

Kuhamishia udhibiti kwenye kidhibiti kidogo chenye mfumo wa wakati halisi kulijadiliwa na kukataliwa. Nafasi ya milisekunde 1 ni pana kwa PREEMPT_RT, na chipu ya pili ingeleta programu mbili za kutunza na waya kati yao. Kama mzunguko ungekuwa wa mikrosekunde 50, jibu lingekuwa jingine. Kitu kimoja kilitolewa mikononi mwa Linux: kipima-usalama cha maunzi kinachosimamisha mkanda udhibiti usipokigusa kwa muda uliowekwa.

Matokeo

Jaribio la mwisho lilidumu saa 24. `cyclictest` na kaunta ya programu vilipima huku `stress-ng` ikijaza viini 0 hadi 2, diski na mtandao kwa pamoja, na ripoti ikilazimishwa kutoka mfululizo. Ucheleweshaji mkubwa kuliko wote ulibaki chini ya milisekunde 0.1.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kaunta ya ucheleweshaji mkubwa. Iligharimu mistari michache ya programu, na kila uamuzi ulipimwa nayo. Kilichopoteza muda zaidi ni jaribio la mwanzo, ambalo lilipima wastani kwenye mashine isiyo na kazi nyingine. Wastani wa mikrosekunde 60 ulikuwa wa kweli, lakini haukusema lolote kuhusu mkono wa hewa. Na kuzima kizuizi cha 950000 lilikuwa kosa la kuua kengele badala ya moto: kizuizi kilikuwa kinaripoti kwamba uzi haulali.

Kisa hiki kingekuwa na sura nyingine kwenye mifumo mingine, kwa kuwa kila kiratibu kimejengwa kujibu swali lake. Mfumo wa kazi za mafungu ungefurahia ripoti: kazi ikianza inaachwa imalize, na kuchelewa kwa mwingine si hoja. Kwenye mfumo wa kupishana kwa hiari, kama Windows 3.1 ilivyozifanyia programu zake, mawasiliano ya milisekunde 6 yangezuia kila kitu mpaka yaachie yenyewe. Mwandishi angelazimika kuyakata vipande vya chini ya milisekunde moja. Faida yake ni kwamba kufuli lenyewe lisingehitajika, kwa kuwa hakuna anayepokonywa katikati ya kazi.

Windows ya leo ina ngazi 0 hadi 31, na 16 kwenda juu ni za wakati halisi. Uzi wa ngazi za chini uliokaa tayari takriban sekunde 4 bila kupata zamu hupandishwa hadi 15 kwa muda mfupi. Hiyo huufungua mkwamo wa namna hii, ila mfunguo unaokuja baada ya sekunde 4 unakuta mkanda umesogea mita 4. Tena huo msaada unaishia ngazi ya 15, na wa katikati akiwa kwenye 16 au zaidi hausaidii kitu.

FreeRTOS, mfumo mdogo wa wakati halisi, ingelimaliza suala la nice siku ya kwanza, kwani kazi ya kipaumbele cha juu iliyo tayari ndiyo inayoendeshwa, basi. Lakini mtego wa kufuli upo hata humo. Mutex yake (kufuli lake) ina urithi wa kipaumbele; semafo ya jozi (binary semaphore, ishara ya hali mbili tu) haina, na mifano mingi ya kujifunzia hutumia semafo hiyo kulinda data. Mtu anaweza kuhama kutoka Linux kwenda mfumo wa wakati halisi na kulibeba kosa lake zima. Vivyo hivyo `vTaskDelay` inateleza kama usingizi wa kuanzia sasa, wakati `vTaskDelayUntil` inashika ratiba.

Kwa anayetaka kukagua mashine yake ya Linux, `ps -eLo pid,tid,cls,rtprio,ni,psr,comm` inatosha kuanzia. Safu ya `cls` inaonyesha FF kwa FIFO na TS kwa daraja la kawaida, na `psr` inataja kiini. Kwenye mtambo huu amri hiyo ingeonyesha mapema FF 80, FF 40 na TS, zote kwenye kiini 3. Ukikuta mpangilio huo, fungua programu utafute kufuli ambalo FF ya juu na TS wanalishika wote wawili, kisha uangalie lilivyoundwa.